Uzito wa Kiti cha Kushoto

"Njoo uone mwenyewe, afande. Nikikueleza kwa mdomo utasema natia chumvi."

Sauti ilitoka chini ya gari. Mkaguzi wa magari alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, miguu tu ndiyo ikionekana. Inspekta akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akainamisha kichwa mpaka kofia ikamdondoka, naye akaiacha hapohapo chini. Hakuwa na siku ya kubembeleza kofia. Kesho asubuhi fundi aliyelijenga gari hili angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, na karatasi za mashtaka zilikuwa mezani zikisubiri sahihi ya Inspekta mwanamke huyu.

Gari lenyewe lilikuwa kituko. Lilizaliwa gari la kawaida la mashamba, kisha likainuliwa kwa springi ndefu na kuvalishwa matairi makubwa, ili mwenyewe ashindane kupanda nalo miamba na kuvuka makorongo. Mtu mzima na akili zake analipeleka gari zima mahali ambapo hata mbuzi angefikiria mara mbili, halafu anapewa kikombe. Mwenye gari hili hakukifikia kikombe. Siku ya mazoezi breki zilimkatika mteremkoni, akagonga jabali, akafa palepale kwenye usukani. Pua ya gari ilikuwa imebonyea yote, lakini nyuma kulikuwa kuzima kama lilivyotoka gereji.

"Mpira wa mafuta ya breki umekatwa," alisema Koplo aliyesimama nyuma yake. "Nilisema tangu mwanzo. Wapinzani wake hawakutaka ashiriki. Nipe ruhusa nikawalete wote wawili."

"Walete uwapeleke wapi?" Mkaguzi alijibu kutoka chini. "Kisu hukata sawasawa. Tazama hapa."

Mkono mweusi kwa grisi ukatoka na kipande cha mpira. Inspekta akakigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa na nyuzi zilizochanika ovyo, na kabla ya ncha mpira ulikuwa umenyooka na kuwa mwembamba.

"Huu umevutwa," alisema.

"Umevutwa mpaka ukachoka. Sasa shika roho yako." Mkaguzi akapiga jeki, mwili wa gari ukapanda, na ekseli ya nyuma, lile chuma linaloshika magurudumu mawili, ikabaki ikishuka polepole chini ya mwili. Alikuwa amefunga mpira mwingine wa urefu uleule mahali pa ule uliokatika. "Ekseli inashuka. Kitu gani kinapaswa kuizuia isishuke zaidi?"

"Mimi ni polisi, si fundi."

"Shokapu. Hizi hapa." Akagonga kwa spana mrija mrefu wa njano uliosimama kati ya mwili wa gari na ekseli. "Kazi yake ni kutuliza springi gari lisidundedunde. Lakini gurudumu likining'inia hewani, shokapu ikifika mwisho wa urefu wake, basi, hapo ndipo ekseli inaposimama. Sasa angalia ni nani anayetangulia kufika mwisho."

Inspekta aliangalia. Shokapu ilikuwa bado inarefuka taratibu, lakini mpira wa breki ulikuwa umeshanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha ekseli ikasimama. Chuma chote kile, na matairi yake mawili, kilikuwa kimening'inia kwenye mpira mwembamba kuliko kidole chake.

Alikuwa ameona visu, mapanga na vikombe vya sumu, lakini hakuwahi kuona kitu kipya, kizuri na kilichofungwa vizuri namna hii kikiwa ndicho kilichoua.

"Na hili ni gari la zamani," Mkaguzi aliendelea. "Breki zake zote zinatumia njia moja ya mafuta. Mpira mmoja ukikatika, umekwisha. Aliyechagua shokapu hizi alichagua ndefu kupita kiasi. Ama hajui kazi, ama anaijua mno."

"Basi ni fundi," alisema Koplo, akionekana kufarijika.

Inspekta aliokota kofia yake, akaipangusa, na kuelekea mahabusu.

* * *

Fundi alikuwa na jina la utani, Mikono, na alijiita hivyo hata mbele ya polisi. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano akiwa amekunja nne, kana kwamba yeye ndiye aliyemwita Inspekta.

"Mama, niseme mapema ili tusipotezeane muda," alianza. "Mkisema nimeua, sawa, mna kazi yenu. Ila nimesikia huko nje watu wanasema nimelijenga gari vibaya. Hilo sikubali. Hapo mnanivunjia heshima."

"Mtu amekufa, Mikono."

Akainama. "Najua. Alikuwa rafiki yangu."

"Ulichaguaje shokapu zake?"

"Kama ninavyochagua zote. Wenzangu wakiinua gari wanakimbilia dukani kununua shokapu ndefu kuliko zote, wanadhani urefu ndiyo ubingwa. Mimi natoa springi kwanza. Naacha ekseli ining'inie mpaka mpira wa breki ukaribie kunyooka, napima. Kisha naibana juu mpaka igonge, napima tena. Shokapu lazima ikae katikati ya vipimo hivyo viwili. Ikiwa fupi mno itang'oka, ikiwa ndefu mno itaacha mpira ukatike. Zake zilikuwa saizi yake kabisa. Nyeusi, nzito, hazina urembo."

"Nyeusi?"

"Nyeusi tii."

"Zilizo kwenye gari ni za njano."

Mikono alikunjua nne. Alimtazama Inspekta, kisha Koplo mlangoni, kisha Inspekta tena.

"Njano," alisema mwishowe, polepole. "Mama, mimi sijawahi kufunga shokapu ya njano kwenye gari lile. Wallahi. Nati zangu zote napaka rangi nyekundu nikishakaza. Mwambieni huyo mtu wenu aangalie."

"Rangi unaweza kuacha kupaka," Koplo alisema.

"Naweza. Naweza pia kuacha kuvaa suruali, lakini siachi."

Inspekta hakucheka, ingawa alitamani. Nati za zile shokapu alikuwa ameziona kwa macho yake. Hazikuwa na rangi yoyote. Lakini hilo peke yake hakimu angelipuuza.

"Nieleze ulivyozifunga hizo nyeusi," alisema. "Usiruke kitu."

Mikono alirudiwa na uhai. Alieleza kwa mikono yote miwili. Kila ncha ya shokapu ina tundu, na ndani ya tundu mna bushi, pete nene ya raba. Ukikaza bolti wakati gari liko juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, ile raba inabanwa ikiwa mahali pasipo pake. Ukilishusha gari, raba inajipinda, na inabaki imejipinda maisha yake yote. Kwa hiyo yeye hakazi mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, na watu wake wawe ndani.

"Watu gani?"

"Dereva na mpambe wake. Ndiyo kawaida yangu, wateja wangu wananicheka kwa hilo. Gari la mashindano halitembei tupu. Nawakalisha kila mtu kwenye kiti chake, wanapiga soga huko juu, mimi niko chini nakaza. Na kwa gari lile ilikuwa lazima, kwa sababu ya Tani."

Tani alikuwa kaka wa mjane wa marehemu, mtu mnene na mcheshi, ambaye jina lake hilo alipewa na marehemu mwenyewe. Ndiye aliyekaa kiti cha kushoto katika mashindano yote. Inspekta alikuwa ameshaongea naye, na Tani alimlilia begani mpaka sare ikalowa. Alisema siku ya ajali yeye alikuwa nje kwa miguu, akimwelekeza shemeji yake pa kukanyagisha gurudumu, kama wapambe wanavyofanya. Alisema pia kwamba gari halikuguswa na mtu tangu litoke kwa Mikono.

"Tani akipanda, gari linalala upande wake," Mikono alisema. "Nilimwekea springi ngumu zaidi kushoto. Nikikaza bila yeye kuwa kitini, kazi yote bure. Naye akawa anapenda kuchungulia. Kila nati nikigusa anauliza hii ya nini, ile ya nini. Nikamfundisha mpaka mpira wa breki."

Inspekta alikuwa ameshainuka.

"Koplo," alisema, "twende ukakae."

"Wapi, afande?"

"Kwenye gari la marehemu."

* * *

Koplo hakupenda. Alikuwa na umbo kama la marehemu, na hilo ndilo lililomponza. Alipanda kwa kujivuta, akakaa kwenye kiti cha dereva kilichosukumwa nyuma, mikono ikiwa mapajani, akikwepa kuugusa usukani uliopinda.

Kabla ya hapo Mkaguzi alikuwa ameshalipanga jaribio. Aliinua pua ya gari ikae usawa wake wa zamani, akaacha nyuma isimame kwa magurudumu yake. Kisha akachukua chaki, akachora mstari mmoja mweupe kwenye kila bushi mahali raba ilipobanwa na bolti, na mwingine kwenye chuma kinachoizunguka, kwa kufuata alama ambazo raba ilijiachia ilipobanwa kabla haijajipinda. Mistari miwili ikikutana, raba imetulia, na hivyo ndivyo gari lilivyokuwa limekaa wakati bolti zinakazwa.

"Gari likiwa tupu," Mkaguzi alisema kabla Koplo hajapanda, "mistari haikutani. Aliyefunga hakukaza juu ya jeki, wala hakukaza gari likiwa tupu. Amejifunza mahali."

"Weka na Tani," Inspekta aliagiza.

Vijana wa kituo wakabeba viroba vya mchanga, wakavirundika kiti cha kushoto mpaka gari likalala upande ule na Koplo akashika mlango. Inspekta alipiga magoti nyuma. Mistari ya chaki ilipishana ikaenda upande wa pili. Uzito umezidi.

"Si kazi ya Mikono," Mkaguzi alisema. "Yeye angekaza gari likiwa limekaa hivi."

"Toa viroba."

"Vyote?"

"Vyote. Mwache Koplo."

Viroba vikashushwa. Gari likapumua upande wa kushoto, likainuka kidogokidogo. Inspekta hakuondoa macho kwenye chaki. Mistari ilisogeleana na kukutana, kulia na kushoto, ikawa mstari mmoja.

Koplo, aliyekuwa haoni lolote kule juu, aliuliza kama anaweza kushuka.

Inspekta alitafuta mahali pa kukaa, akakuta tairi la akiba, akakaa juu yake. Alikuwa amejiandaa kumtafuta mtu aliyenyemelea gizani akaharibu gari la mwenzake. Kumbe hakuna aliyenyemelea. Siku shokapu zile zilipofungwa, kiti cha dereva kilikuwa na mtu. Marehemu alikuwa juu, ametulia, hana hili wala lile, akimsaidia kwa uzito wake yule aliyekuwa chini. Na kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

"Kwa nini kiwe kitupu?" Mkaguzi aliuliza, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba ameshajua.

"Kwa sababu mwenye kiti hicho ndiye aliyeshika spana," alisema Inspekta.

* * *

Msibani watu walikuwa wamepungua. Viti vya plastiki vya kuazima vilikuwa vimepangwa vimoja juu ya vingine uani, na sebuleni walibaki ndugu wawili tu. Mjane alikuwa kitini ameegemea mto, tumbo la ujauzito limemwelemea, miguu imevimba. Tani alikaa kwenye zulia karibu naye, ameshika kikombe cha chai na kumpulizia ipoe.

"Karibu, afande," mjane alisema. "Yule fundi ni kesho, siyo? Nataka niwepo. Hata kama nitabebwa, nataka anione."

"Dada, pole," alisema Inspekta. Hakuketi. Koplo alibaki mlangoni. "Nina swali kwa kaka yako."

Tani aliinua uso wake mpana, mwema. "Uliza tu, mama."

"Wewe ulikuwa chini ya gari unakaza. Shemeji yako alikuwa juu kitini. Mlikuwa mnaongea nini?"

Kikombe hakikuanguka. Tani alikiweka kwenye zulia kwa uangalifu wote, akakisogeza mbali na mguu wa dada yake asije akakigonga.

"Majina," alisema. "Alikuwa ananitajia majina ya mtoto."

Mjane aliwatazama wote wawili. "Chini ya gari gani?" aliuliza. "Tani. Chini ya gari gani?"

"Zile za njano," Inspekta alimwambia Tani taratibu. "Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia Mikono anambania. Kwamba kuna ndefu zaidi, gari litakanyaga vizuri kwenye miamba. Nikasema tuzifunge wenyewe uani kwangu, tumshtukize fundi siku ya mashindano. Alifurahi. Alifurahi sana, mama." Alipangusa pua kwa kiganja. "Sikutaka afe. Naapa mbele ya dada yangu. Kule kwenye uwanja wa mazoezi kuna korongo dogo, tambarare, hata ukikosa breki unasimama kwenye mchanga. Nilijua nikimwelekeza pale gurudumu litaning'inia, mpira utakatika, atakanyaga breki ashindwe, gari lirudi gereji. Mashindano yangempita. Basi. Hilo tu."

"Na haukukatika."

"Haukukatika. Nilimpitisha pale mara mbili. Nikasema moyoni, afadhali, Mungu hataki, nitamwambia tuzitoe. Naye akaona gari linakwenda vizuri, akalielekeza mlimani mwenyewe. Nilipiga kelele arudi. Akacheka, akasema Tani leo umekuwa mwoga." Alikitazama kikombe cha chai. "Ulikuwa umeshachoka, ule mpira. Mimi ndiye niliyeuchosha."

Inspekta alikuwa amezoea watu wanaokana. Huyu alikuwa akijieleza kama mtu anayetua mzigo, na Inspekta akaona afadhali angekana.

"Kwa nini, Tani?" aliuliza. "Kwa nini ulitaka asishindane?"

Tani alimtazama dada yake, na kwa namna alivyomtazama, Inspekta alijua hakupaswa kuuliza swali hilo ndani ya chumba hiki.

Mjane alikuwa ameinuka kwenye mto.

"Nilikwambia uongee naye," alisema.

"Niliongea, dada."

"Nilikwambia umzuie. Mara ya mwisho alivunjika bega, nikakwambia safari hii nitazaa mtoto hana baba. Nikalia mbele yako." Sauti ilikuwa ndogo, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nikakwambia fanya lolote."

"Ndiyo."

"Nilisema hivyo. Fanya lolote, gari lile lisitoke."

"Ulisema kwa uchungu tu, dada. Wewe huna kosa."

"Na mimi nimekaa hapa siku zote hizi namlaani Mikono," alisema mjane. "Nimemlaani yeye na watoto wake."

Inspekta alimwashiria Koplo, akamwambia kwa sauti ya chini apige simu kituoni, Mikono atolewe mahabusu sasa hivi, arudishiwe mkanda wake na funguo za gereji, na asiambiwe chochote mpaka Inspekta mwenyewe afike. Koplo alipiga simu huku amewapa kisogo. Aliporudi alimwendea Tani, akamshika mkono bila kuuminya, na Tani akainuka kwa kujikokota, mwili wote ule.

"Tutakuja tena kwa ajili ya maelezo yako, dada," Inspekta alisema. "Leo pumzika."

Mjane hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kiti.

"Na mimi nivae viatu?" aliuliza.

Inspekta alikuwa na jibu la kisheria, refu, la kueleweka.

"Nakuuliza, afande. Tunakwenda wote?"

"Vaa," Inspekta alisema mwishowe. "Ukaeleze mwenyewe."

Mjane alipapasa kwa miguu chini ya kiti, maana tumbo halikumruhusu kuinama. Kiatu kimoja kilikuwa karibu, kingine kimesukumwa mbali. Tani akamtazama Koplo. Koplo akamtazama Inspekta, kisha akauachia ule mkono. Tani akapiga magoti kwenye zulia, akavivuta viatu vyote viwili, akaanza kumvalisha dada yake, akianza na mguu wa kushoto.